Ngazi ya Hasira katika Kiingereza

Mtu ajifunzaye lugha ya kigeni huanza kwa majina ya vitu: meza, kisu, mto, mlima. Maneno hayo hayana hatari kubwa. Ukikosea ukaita kisu kwa jina la kijiko, watu watacheka kidogo, kisha utapewa kisu chako. Lakini maneno ya moyoni si kama maneno ya mezani. Ukikosea katika neno la hasira, huenda asiwepo wa kucheka, na huenda usipate nafasi ya kusahihisha kosa lako. Basi katika somo hili tutayatazama maneno ambayo Waingereza huyatumia subira inapoanza kumwisha mtu, tangu hatua ya kwanza hata ya mwisho.

Barua ya Mwanafunzi

Tuseme kwamba mwanafunzi mmoja wa Tanga aliagiza kamusi kwa mwenye duka la vitabu aliyekaa Dar es Salaam. Alipeleka fedha zote, akaahidiwa kwamba kitabu kitafika kwa muda wa majuma mawili. Majuma mawili yakapita, na la tatu, na la nne, kamusi isionekane. Mwanafunzi akaona vema kuandika barua, na kwa kuwa mwenye duka alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, akaiandika kwa Kiingereza. Nia yake ilikuwa kusema, "Bwana, nimeanza kuchoka kungoja." Akaazima kamusi ya rafiki yake, akatafuta neno la kukasirika, akakuta maneno mengi yamepangwa pamoja kana kwamba yote ni ndugu wa tumbo moja. Akachagua lile lililompendeza kwa sauti yake, akaandika: "I am furious with you."

Baada ya siku chache fedha zake zilirudi bila kamusi. Pamoja nazo palikuwa na kikaratasi. Mwenye duka alieleza kwamba alisikitika kwa kuchelewa, hata kamusi ilikuwa imekwisha kufungwa tayari kupelekwa, lakini hakupenda kufanya biashara na mtu aliyejawa na ghadhabu kiasi hicho. Kijana akashangaa sana. Yeye alitaka kubisha hodi, kumbe amevunja mlango.

Kosa lake lilikuwa nini? Halikuwa kosa la sarufi, maana sentensi yake ilikuwa safi. Wala halikuwa kosa la kuchagua neno lisilohusu hasira. Lilikuwa kosa la kipimo. Mtu aendaye sokoni kununua kibaba cha mchele hachukui gunia zima. Vivyo hivyo mwenye kuudhika kidogo hachukui neno lililo kubwa kuliko maneno yote.

Vipandio Vinne

Kiswahili chetu chenyewe chavijua vipimo hivi. Aliyeudhika si sawa na aliyekasirika, na aliyekasirika si sawa na aliyeghadhibika. Hakuna mtoto mwenye akili asiyejua tofauti ya mama aliyekunja uso na mama aliyepandwa na hasira. Kiingereza nacho kina ngazi yake, nasi twaweza kuihesabu kuwa na vipandio vinne.

Kipandio cha kwanza ni "impatient", yaani mtu ambaye subira yake imepungua. Hajakasirika bado, amechoka kungoja tu. Anatazama saa, anabadili mguu, anauliza, "Bado?" Neno "patience", yaani subira, lina asili yake katika Kilatini, na maana ya asili ni kuvumilia mateso. Ndiyo sababu neno "patient" lina maana mbili: mtu mwenye subira, na mgonjwa anayetibiwa, kwani mgonjwa ndiye avumiliaye. Usishangae basi ukisoma, "The doctor was patient with the patient." Maana yake ni kwamba daktari alimvumilia mgonjwa wake.

Kipandio cha pili ni "annoyed", yaani aliyeudhika. Hapa moyo umekwisha kuguswa. Katika kipandio hiki yamo pia maneno mengine. "Irritated" ni kama kukereka. Daktari hulitumia neno hilohilo kwa ngozi inayowasha, nawe waweza kufikiri hasira ndogo kuwa ni mwasho wa moyo. Tena liko "cross", ambalo Waingereza hulitumia sana nyumbani, mzazi asemapo na mtoto. Neno hili huwapoteza wengi, kwa sababu "cross" ni msalaba, na "to cross" ni kuvuka. Lakini mama wa Kiingereza akimwambia mwanawe, "I am cross with you," hasemi habari za msalaba wala za kuvuka mto, asema, "Umeniudhi, mwanangu."

Kipandio cha tatu ni "angry", yaani aliyekasirika. Neno hili lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini ya Ulaya waliovuka bahari na kukaa huko zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Katika lugha yao neno lililokuwa shina lake lilikuwa na maana ya huzuni na taabu. Jambo hili si geni kwetu, maana nasi twasema mtu ana uchungu, na uchungu huo waweza kuwa maumivu, au majonzi, au hasira. Watu wa mbali wameona sawasawa na wazee wetu, ya kuwa chini ya hasira aghalabu pana jeraha.

Kipandio cha nne ni "furious", yaani aliyejaa ghadhabu. Asili yake ni Kilatini, na shina lake lina maana ya wazimu. Mtu aliyefika hapa hatawaliwi tena na akili yake. Hicho ndicho kipandio alichoruka mwanafunzi wetu, akiwa ameweka mguu wa kwanza tu chini.

Udhi na Udhika

Kabla ya kuendelea, ni lazima tuonyane juu ya kosa moja linalofanywa na wanafunzi wengi. Katika Kiswahili, "ameudhi" si sawa na "ameudhika". Wa kwanza ametia udhia, wa pili ametiwa. Herufi chache mwishoni zabadili kila kitu. Kiingereza nacho kina desturi hiyo. "Annoyed" ni aliyeudhika, na "annoying" ni mwenye kuudhi. Mwanafunzi asemaye mbele ya mwalimu, "I am annoying," adhani amelalamika, kumbe ameungama kwamba yeye mwenyewe ni msumbufu. Shika hivi: neno lenye "ed" ni la mtu aliyepatwa, na neno lenye "ing" ni la mtu au jambo linalompata.

Subira Kama Kitu cha Mkononi

Waingereza hupenda kuisema subira kana kwamba ni kitu mtu alicho nacho. Wakati mwingine ni kama akiba ya chakula ghalani. Husema, "I am running out of patience," yaani akiba yangu ya subira yakaribia kwisha. Maneno haya hayako mbali na yetu, maana nasi husema, "Subira imeniishia."

Wakati mwingine ni kama nguo. Husema, "My patience is wearing thin." Maana yake ni kwamba subira yangu imekuwa nyepesi kama kanzu iliyovaliwa miaka mingi hata mwanga wapita ndani yake. Bado haijatatuka, lakini ukiivuta kidogo tu itatatuka. Mtu akikuambia hivyo, usiendelee kuvuta.

Tena wana msemo wa kamba: "I am at the end of my tether." "Tether" ni kamba ya kumfungia mnyama kwenye kigingi ili ale majani yaliyo karibu. Watoto waliochunga mbuzi hawahitaji kuelezwa sana. Mbuzi hula akizunguka, hula akizunguka, mpaka kamba yanyoka. Aona majani mabichi mbele yake, wala hawezi kuyafikia. Hapo huvuta na kulia. Mtu aliyefika mwisho wa kamba yake ndivyo alivyo: amekwisha tumia subira yake yote na nguvu zake zote. Wazee wetu pia walimtazama mbuzi yuleyule, wakasema, "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake." Walakini wao walifundisha kwamba kila mtu aishi kwa kadiri ya uwezo wake. Mbuzi ni mmoja, kamba ni moja, mafundisho ni mawili. Kwa hiyo usitafsiri msemo wa Kiingereza kwa methali ya Kiswahili kwa sababu tu umeona mnyama yuleyule ndani yake.

Habari za "Temper"

Neno "temper" lataka uangalifu wa pekee. Latoka katika neno la Kilatini la kuchanganya vitu kwa kadiri ipasayo. Waganga wa Ulaya wa zamani waliamini kwamba mwilini mwa mtu mna maji ya namna nne, na ya kuwa mtu hutulia maji hayo yakiwa yamechanganyika sawasawa. Elimu ya leo imekwisha onyesha kwamba sivyo, lakini neno limebaki. Basi "to lose your temper" ni kupoteza ule utulivu, yaani kuhamaki.

Lakini angalia mtego. Watu walipozoea kulisikia neno hilo pamoja na hasira, likaanza kuwa hasira yenyewe. Siku hizi "He has a temper" maana yake ni mtu mwepesi wa hasira, na "He is in a temper" ni kwamba sasa hivi amekasirika. Kupoteza "temper" ni kukasirika, na kuwa nayo pia ni kukasirika! Usijaribu kulifikiri sana, bali uyashike maneno mazima kama yalivyo.

Unyasi, Shoka na Shibe

Kuna msemo wa ngamia, "the last straw", maana yake unyasi wa mwisho. Wazia ngamia aliyepakiwa mzigo mkubwa. Anaongezewa unyasi mmoja tu, naye anavunjika mgongo. Je, ni ule unyasi uliomvunja? La, ni mzigo wote. Unyasi ulikuwa wa mwisho tu. Waingereza wa zamani zaidi walisema habari za farasi na unyoya, kisha ngamia akachukua mahali pa farasi. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza, alimtaja ngamia huyo katika kitabu chake kiitwacho Dombey and Son, kilichomalizika kutolewa mwaka 1848. Mtu akisema, "This is the last straw," asikudanganye udogo wa jambo lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na hasira nayo hujazwa hivyohivyo.

Msemo mwingine, "to fly off the handle", ulianza Marekani, nao ni wa shoka. Shoka letu la asili lina ncha ya chuma iliyopenyezwa katika rungu la mpini. Shoka la Kizungu ni kinyume chake: chuma kina tundu, na mpini ndio upitao tunduni. Mpini ukilegea, mtu akiinua shoka kwa nguvu, chuma huchomoka na kuruka, na hapana ajuaye kitaangukia wapi. Ndivyo alivyo mtu anayehamaki kwa ghafula: humpiga hata asiyekuwa na kosa.

Mwisho kuna "fed up". Neno "fed" ni "aliyelishwa", na mwanafunzi mgeni aweza kudhani kwamba mtu ameshiba na kumshukuru mpishi. Sivyo. "I am fed up with this noise" maana yake ni kwamba nimelishwa kelele hizi mpaka zimenikinai. Maneno haya ni ya marafiki wanapozungumza. Hayafai katika barua kwa mkubwa wako, wala kwa mwalimu, wala kwa mtu usiyemjua.

Tena ujue kwamba hata wenye lugha hiyo hawasemi sawa mahali pote. Mmarekani asemapo, "I am mad at you," asema amekukasirikia. Kwa Mwingereza maana ya kwanza ya "mad" ni mwenye wazimu.

Vineno Vidogo

Usividharau vineno vifuatavyo. Husemwa "annoyed with" kwa mtu, na "annoyed about" au "annoyed at" kwa jambo: nimeudhika na ndugu yangu kwa ajili ya kuchelewa kwake. Neno "impatient" ndilo lenye maajabu zaidi. "Impatient with" mtu ni kutomvumilia. Lakini "impatient for" kitu ni kukingoja kwa hamu, na "impatient to" kufanya jambo ni kuwa na shauku ya kulifanya. Dada yako akiandika, "I am impatient to see you," usihuzunike. Hakukasirikia, bali amekukumbuka mno.

Sauti Ndogo, Hasira Kubwa

Tumeona hatari ya kusema zaidi ya ipasavyo. Sasa tuitazame hatari ya pili, nayo ni kusikia chini ya ipasavyo. Waingereza wengi, hasa katika kazi na katika barua, wana desturi ya kupunguza maneno ya hasira. Hasira yao yapanda, na maneno yao yashuka. Husema, "I am a little annoyed," nawe usikiapo "a little" wadhani ni kidogo kweli. Husema, "I am not very pleased," yaani sikupendezwa sana, na huenda ndani ya moyo amefika kipandio cha tatu.

Tuseme kijana mmoja ameajiriwa na Mwingereza, naye huchelewa kila siku. Siku ya kwanza bwana wake asema kwa sauti ya upole, "I am not very pleased with you." Kijana alisikia neno "pleased", alijualo kuwa ni furaha, akatabasamu akashukuru. Juma la pili akaambiwa, "I am beginning to lose patience." Akasikia "beginning", akajisemea moyoni, "Ndiyo kwanza aanza. Siku bado ni nyingi." Siku ya tatu ya kuonywa haikuwapo. Akapewa mshahara wake, akaambiwa kwaheri. Jioni akamwambia mzee wake, "Baba, mtu yule hakunigombeza hata mara moja." Mzee akamjibu, "Mwanangu, alikugombeza mara mbili, nawe ulikuwa ukitabasamu."

Kwa hiyo, ukisikia neno la kipandio cha kwanza kutoka kwa mtu wa namna hiyo, lichukue kuwa onyo kamili. Omba radhi mara moja, urekebishe jambo, wala usingoje neno kubwa. Huenda neno kubwa lisije kabisa, lije tendo.

Barua Iliyosahihishwa

Na tumrudie mwanafunzi wetu wa Tanga. Angeandika nini? Angeandika hivi: "I have not yet received the dictionary. I should be glad to know when I may expect it." Yaani: bado sijaipata kamusi, nami nitafurahi kujua itafika lini. Katika maneno hayo hamna neno hata moja la hasira, walakini kila Mwingereza aisomaye atajua kwamba mwandishi amechoka kungoja. Kama barua hiyo isingejibiwa, angeweza kupanda kipandio kimoja katika barua ya pili. Ngazi hupandwa kipandio kwa kipandio. Arukaye hana pa kuruka tena ila chini.

Wazee walisema, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Ulimi wa lugha ya kigeni hujikwaa upesi zaidi, kwa sababu haujazoea njia. Jifunze maneno ya hasira, uyajue yote, hata makubwa. Lakini uyajue kama mtu ajuavyo mahali pa moto nyumbani mwake, apate kuota asiungue.

Maswali

1. Kwa nini mwenye duka alirudisha fedha za mwanafunzi?
2. Taja vipandio vinne vya hasira katika Kiingereza, na kila kimoja ukipe neno lake la Kiswahili.
3. Eleza tofauti ya "annoyed" na "annoying". Ni maneno gani ya Kiswahili yaonyeshayo tofauti hiyohiyo?
4. Mbuzi wa Kiingereza na mbuzi wa methali yetu wafundisha nini?
5. Kijana aliyeajiriwa alionywa mara ngapi? Ungalikuwa wewe, ungalifanya nini siku ya kwanza?
6. Umemwazima rafiki yako kitabu, naye hajakirudisha. Mwandikie barua fupi ya Kiingereza, usitumie neno kubwa kuliko hasira yako.